Kujua pa Kukomea

Mgeni alikuwa mzee kutoka Mbeya, amekuja na wajukuu zake kutazama tembo katika Hifadhi ya Mikumi. Jioni, watoto wakiwa hoi kwa vumbi na furaha, akaagiza glasi ya mvinyo mwekundu wa Dodoma. Akapiga funda moja, akakaa nalo mdomoni, kisha akaniita.

"Mwanangu, huu unaanza na utamu, halafu unaacha ukakasi kama wa bibo. Ni zabibu zenyewe ziko hivyo, au kuna mtu ameupanga?"

Miaka minane nimekuwa nikimimina mvinyo huo kwenye meza za Mikumi. Bei yake naijua kwa kichwa. Najua wageni wa mbali huuagiza kwa hamu ya kujaribu kitu cha kwetu, na Watanzania huuagiza penye sherehe. Lakini swali la yule mzee lilinikuta mikono mitupu, na halikuniacha. Mwishoni mwa Agosti, mavuno makuu ya zabibu yalipopamba moto, niliomba ruhusa ya siku nne nikaenda kulitafutia jibu.

Kutoka Mikumi nilipanda gari la Kilosa, nyumbani kwetu. Mji huu umelelewa na mkonge na reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo Kilosa imekuwa mahali ambapo treni hupumua kabla ya kuivaa milima. Mtoto wa Kilosa huanza kujua saa kwa honi ya treni kabla hajajua kusoma mishale. Tangu mwaka 2024 kuna reli mpya ya umeme inayobeba abiria hadi Dodoma, na ndiyo niliyoipanda asubuhi ile. Nilikaa dirishani upande wa kulia, mahali pale pale ambapo bibi yangu alipenda kukaa kwenye treni ya zamani.

Safari hii inafundisha jambo moja kwa macho, kabla hujamuuliza mtu yeyote. Upepo wa Bahari ya Hindi unapofika kwetu na unyevu wake unakutana na milima ya Rubeho na Ukaguru. Hauna pa kupitia ila juu. Ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga maji, na maji hayo yanatuangukia sisi. Ndiyo maana Kilosa ina migomba, miwa, mpunga na mabonde yasiyokauka. Ndiyo maana pia mto Mkondoa hututoa machozi: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kuikata reli. Upepo huo huo ukishavuka vilele hauna tena cha kutoa. Treni inaingia handakini, inatoka, inaingia tena, na kila ikitoka unaona kijani kimepungua. Migomba inaisha. Miti inakuwa mifupi na yenye miiba. Kisha inakuja mibuyu, mmoja mmoja, imesimama kwenye udongo mwekundu, na anga linakuwa pana.

Umefika Ugogo. Mvua ya hapa ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni jua, upepo na vumbi. Nikiwa mtoto niliwasikia watu wazima wakiizungumzia Dodoma kwa huruma, kama nchi iliyonyimwa. Mzabibu unaisoma nchi hiyo kwa namna nyingine kabisa. Zabibu inayoiva haitaki mvua. Hewa ikijaa unyevu, ukungu unafuata: kuna ubwiri unga unaopaka majani weupe kama wa unga wa sembe, na kuna ubwiri vinyoya. Kwetu Kilosa mzabibu ungeishi kwa dawa. Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kishada kinaiva kikiwa kimekauka nje na kimejaa ndani, jua linakipikia sukari mchana, na usiku wa kipupwe, ambao wenyeji hujifunika mablanketi mawili, unakitunzia ugwadu wake. Milima inayotunyeshea sisi ndiyo inayowapa wao zabibu. Niliishi karibu nayo maisha yangu yote bila kujua kwamba ni ukuta wa shamba la jirani.

Shamba nililotembelea lilikuwa upande wa Hombolo, nje ya mji. Mwenyewe ni mzee wa Kigogo, mrefu, mwenye mkasi wa kupogolea uliofungwa kiunoni kwa kamba ya mkonge. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanifundisha kuamkia tena kwa lugha ya kwao: mbukwa. Mizabibu ilikuwa imepangwa kwa mistari, imelazwa juu ya nyaya zilizobebwa na nguzo, na mabomba membamba ya umwagiliaji wa matone yalipita kwenye mashina. Upande mmoja wa shamba wavunaji walikuwa wakikata vishada na kuvipanga kwenye kreti. Upande mwingine, ambao ulikuwa umevunwa mapema na kupumzishwa, mzee alikuwa anapogoa. Nilisimama naye huko kwa muda wa saa mbili hivi.

Nilitaka kuona anavyokata, na sikuwahi kuona mtu akikata kwa mawazo kiasi kile. Kwanza anasimama mbele ya shina bila kuligusa. Anatazama fimbo zilizozaa msimu uliopita, anatafuta ile iliyokomaa vizuri, nene kama kidole, ya rangi ya kahawia. Kisha anahesabu macho kuanzia kwenye shina: moja, mawili. Juu ya jicho la pili anaacha nafasi ndogo, anakata kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kidonda, na fimbo nzima, ndefu kuliko mkono wa mtu, inaanguka chini. Anasogea. Anasimama tena. Shina lililokuwa na kichwa kama cha mtu aliyetoka usingizini linabaki na vidole vichache vilivyoelekezwa juu. Kwenye kata mojawapo tone la maji angavu lilitoka, likaning'inia, likadondoka. "Unalia," alisema. "Ukilia ujue umeamka."

Nilimuuliza kwa nini asiache macho matano, apate vishada vingi.

"Utapata vingi," alisema. "Vyote vitakuwa maji."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Huko Ulaya, baridi kali huulaza mzabibu kila mwaka. Majani yanapukutika, mti unalala miezi kadhaa, na joto likirudi unaamka wenyewe. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mzabibu ungeachwa ungeendelea tu, jani juu ya jani, bila kujua lini ni mwanzo na lini ni mwisho. Kwa hiyo mkulima ndiye anayeuwekea majira. Anapunguza maji, anauacha upumzike, kisha anakata, na tangu siku ya kukata mti unaanza kuhesabu: chipukizi, maua, punje za kijani, punje zinazobadilika rangi, na baada ya miezi minne hivi, mavuno. Kwa njia hiyo Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya karibu na Machi hupitia kwenye mvua na magonjwa yake. Haya ya Agosti na Septemba, yanayoiva kwenye ukame, ndiyo mafundi wanayoyasubiri.

Nikatazama tena ule mkasi. Kazi yote ya majira ya baridi, ambayo kwingine inafanywa na theluji na upepo, hapa inafanywa na mkono wa mzee mmoja mwenye kamba ya mkonge kiunoni.

Zao hili ni geni kwa umri wa nchi, lakini lina historia yake. Wamisionari wa Kikatoliki walilipanda Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, wakihitaji divai ya altare. Hata majina yenyewe yana safari ndani yake. Mvinyo tuliupata kwa Wareno waliofika pwani yetu. Divai ni neno la Kifaransa, na si ajabu kwamba limekaa zaidi kanisani, kwa kuwa mapadri wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walitoka Ufaransa. Kutoka kwenye mashamba ya misheni zabibu zikaingia vijijini. Serikali ikawa na kiwanda chake, DOWICO, ambacho baadaye kilizorota kikafa. Kituo cha utafiti cha Makutupora kikaendelea kuchunguza mbegu, udongo na magonjwa, na jina lake limebaki kwenye zabibu nyekundu ambayo wakulima wanaiita Makutupora hadi leo. Zabibu nyeupe inayotawala ni Chenin Blanc, mzaliwa wa bonde la mto Loire huko Ufaransa. Leo kuna viwanda vya watu binafsi, kama CETAWICO kule Hombolo na Alko Vintages, na kuna wasindikaji wadogo wengi wanaokamua mchuzi wa zabibu na kuuza kwa wengine.

Huo mchuzi una maana kubwa kwa mkulima. Zabibu mbichi haisubiri mtu. Ikikatwa leo, kwenye joto la Dodoma, baada ya siku chache imeanza kunyauka na kuvutia nyuki. Wakulima wa huku wamewahi kuona vishada vikioza shambani kwa kukosa mnunuzi, na mtu akikusimulia hilo unaona bado linamuuma. Zabibu iliyokamuliwa na kuingia kwenye tangi imepata uwezo wa kungoja. Ndiyo sababu niliwaheshimu wale wavunaji waliokuwa wakikimbizana na jua: walianza kabla ya mapambazuko, zabibu zikiwa bado na ubaridi wa usiku, na kufikia saa nne kreti za mwisho zilikuwa kwenye gari.

Nililifuata gari hilo hadi kiwandani, mimi na kijana wa bajaji aliyenichukua mjini, ambaye alitaka kuona kwa macho yake mahali anapoleta wageni kila wiki.

Kiwanda kikubwa cha mvinyo kinanukia kabla hujakiona vizuri. Ni harufu ya tunda na ya mkate kwa pamoja. Getini kreti zinapimwa uzito, na dada mmoja mwenye koti jeupe anachukua punje chache kutoka kreti hii na ile, juu, katikati na chini, anazikamua, anadondosha tone moja kwenye kidarubini kidogo cha mkononi, na kukielekeza kwenye mwanga. Alinipa nami nitazame. Ndani kulikuwa na mstari wa buluu uliokatiza kwenye namba 22. Maana yake, kila gramu 100 za maji ya zabibu zile zilikuwa na gramu 22 hivi za sukari. Sukari hiyo ikigeuzwa yote, mvinyo unafika asilimia 12 au 13 ya kilevi. Lakini hakuishia kwenye namba. Aliweka punje moja mdomoni, akaitafuna polepole, akatema kokwa kiganjani na kuziangalia rangi. Kokwa ya kijani maana yake zabibu imepata sukari kabla ya kukomaa. Zake zilikuwa za kahawia. "Zimefika," akasema, na mizani ikaendelea.

Neno hilo lilinirudisha Kilosa.

Bibi yangu alikuwa mpishi wa togwa. Aliloweka ulezi, akautandaza kwenye gunia lenye unyevu hadi uote vijimea vyeupe, akauanika na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Kisha akapika uji wa mahindi, mzito, akauacha upoe. Hapo ndipo palikuwa na kazi. Uji ukiwa wa moto sana unakiua kimea, ukiwa baridi kimea hakifanyi kitu. Alikuwa anachovya kidole cha mwisho, kile kidogo, na kuhesabu kimoyomoyo. Akishatia kimea anafunika mtungi kwa kitambaa, na kesho yake uji mzito umekuwa mwepesi na mtamu bila chembe ya sukari. Sasa unangoja kidogo uanze kuchachuka. Mapema mno, ni uji. Ukipitiliza, ni pombe, na togwa ya kumpa mtoto imepotea. Bibi alikuwa anainamia mtungi, anausikiliza, anaonja kwa ncha ya kijiko. Siku zote neno lilikuwa moja: imefika. Akilitamka, hakuna aliyeruhusiwa kuuacha mtungi hata saa moja zaidi.

Kwa hiyo nilipoingia kwenye ukumbi wa matangi, yale matangi ya chuma kisichoshika kutu, marefu kuliko nyumba, yenye mabomba ya kupoza yaliyoyazunguka kama mshipi, sikuona kitu kigeni. Niliona mitungi.

Fundi mkuu wa mvinyo alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, na wote pale walimwita mama. Alitupitisha hatua kwa hatua. Mashine ya kwanza inatenganisha punje na vikonyo vyake, kwa sababu kikonyo kina uchungu usiotakiwa. Kisha njia zinaachana. Zabibu nyeupe zinakamuliwa mara moja, na maji yake tu ndiyo yanayoingia tangini. Nyekundu zinaingia nzima nzima, ngozi na maji pamoja. Alikata punje nyekundu katikati kwa ukucha akatuonyesha: nyama yake ni nyeupe. Wekundu wote uko kwenye ngozi. Ukakasi nao uko kwenye ngozi na kokwa.

Hamira inatiwa, na kazi inaanza. Watu walikaa na kazi hii miaka elfu nyingi bila kumjua anayeifanya. Huko Georgia, katika eneo la Caucasus, zabibu zilikuwa zikisindikwa kwenye mitungi ya udongo miaka 8,000 hivi iliyopita, na bado kuna familia zinazosindika mvinyo kila msimu kwenye mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini. Ilipofika miaka ya 1850 na 1860 ndipo Louis Pasteur alipoonyesha kwamba mvinyo hutengenezwa na viumbe hai, hamira, wanaokula sukari na kutoa kilevi na hewa ya ukaa. Bibi yangu hakumsikia Pasteur. Alijua tu kwamba mtungini kuna mwenye uhai, na mwenye uhai huhudumiwa kwa joto linalomfaa.

Mama fundi alifungua mfuniko wa tangi moja la nyekundu na kutuambia tusogee, ila tusiinamie ndani, kwa kuwa hewa ile ya ukaa huzimisha mtu. Juu ya mvinyo ngozi zote zilikuwa zimepanda zikawa tabaka nene, jeusi la zambarau. Wanaliita kofia. Hewa inayotoka chini huisukuma kofia juu, na ikiachwa hapo inakauka na kuharibika, huku mvinyo wa chini ukikosa rangi. Kwa hiyo mara kadhaa kwa siku mvinyo unavutwa kutoka chini kwa pampu na kumwagiwa juu ya kofia, polepole, kama mtu anayemwagilia bustani. Aliizima pampu ili tusikie. Kulikuwa na sauti ndogo, ya maelfu ya mapovu yakipasuka, kama manyunyu juu ya majani ya mgomba. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Nikamuuliza swali la mgeni wangu. Nani ameupanga?

Hakujibu haraka. Alichukua sampuli kwenye mcheduara wa kioo, akatumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, akakiacha kitulie. Siku ya kwanza, alieleza, kipimo hiki kinaelea juu, kwa sababu maji ya zabibu ni mazito kwa sukari. Kadiri hamira inavyokula, mvinyo unakuwa mwepesi, na kipimo kinazama. Anakitazama asubuhi, mchana na jioni. Na katika safari hiyo ya kuzama kuna vituo viwili anavyovichagua yeye.

Kituo cha kwanza ni siku ya kuutoa mvinyo kwenye ngozi. Ukiutoa mapema unapata rangi hafifu na ulaini. Ukichelewa, ukakasi unakuwa mwingi hadi ulimi unakauka. Anaonja kila siku, na siku moja anasema basi. Kituo cha pili ni kwa mvinyo mtamu. Hamira ikiachwa itakula sukari hadi iishe, na mvinyo utakuwa mkavu. Ukitaka utamu wa zabibu yenyewe ubaki, lazima uikatize kazi katikati. Unaupoza mvinyo hadi hamira isinzie, unauchuja, unatia salfa kidogo, na unasimamia usafi kwa ukali ili hamira isiamke ndani ya chupa. Ukikatiza mapema, utamu unafunika kila kitu. Ukichelewa usiku mmoja tu, sukari imekwenda na hairudi.

"Zabibu inaleta vyote," alisema. "Mimi kazi yangu ni kujua pa kukomea."

Nilifikiria macho mawili ya yule mzee. Nilifikiria kijiko cha bibi. Ukakasi na utamu aliouonja mgeni wa Mbeya ulikuwa umepangwa, naam, na ulipangwa na watu waliojizuia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mahali pake.

Chumba cha kuonjea kilikuwa kitulivu, chenye meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe. Weupe una kazi yake: unainamisha glasi juu yake na kuisoma rangi. Kulikuwa na maji, mkate, na mbele ya kila mtu chombo cha kutemea. Kijana wa bajaji ni Mwislamu na hatumii kilevi, wakamletea juisi ya zabibu ya shamba lile lile, nyeupe na nyekundu, naye akafuata hatua zote pamoja nasi. Akawa wa kwanza kugundua kwamba nyekundu inakamata ufizi na nyeupe haikamati.

Tulifundishwa kushika glasi kwenye mguu wake, joto la kiganja lisipande. Tulifundishwa kumimina theluthi tu, kwa sababu nafasi inayobaki juu ndiyo nyumba ya harufu. Zungusha, nusa, funda dogo, litembeze mdomoni, kisha tema. Nilidhani kutema ni kudharau. Mama fundi alieleza kwamba anaonja sampuli nyingi kwa siku, na akimeza ya kwanza na ya pili, ya kumi haitapata hukumu ya haki.

Karatasi ya kuonjea ilikuwa na maneno ya matunda ya Ulaya ambayo hatujawahi kuyaonja. Akaiweka pembeni. "Semeni mnachokijua," alisema. Na hapo niliona utajiri wa Kiswahili kuliko siku nyingine yoyote. Ile Chenin Blanc kavu ilikuwa na ugwadu, ule wa embe bichi unaofanya mate yajae nyuma ya taya, na harufu yake ilikuwa ya pera lililoiva likaachwa ndani ya chumba kilichofungwa. Nyekundu kavu ilikuwa na zambarau, na ule ukakasi wa bibo na ndizi mbichi. Iliyokaa kwenye pipa la mwaloni ilikuwa imelainika, ina kitu cha moshi wa jikoni na ngozi ya kiatu kipya. Kuna uchachu na kuna ugwadu, na mtu wa Kilosa hawezi kuvichanganya. Kuna ukali na kuna uchungu. Kuna ukakasi, ambao si ladha, ni mguso. Watu wa mvinyo duniani wanatumia miaka kujifunza kutenganisha mambo haya, na sisi tumelelewa nayo chini ya miembe na mikorosho.

Mwisho alimimina ule mwekundu mtamu, ule ninaoumimina kila wiki. Nilioujua ulikuja kwanza: utamu. Nikasubiri. Ukaja ugwadu ukiubeba utamu usizame. Kisha, mwishoni kabisa, ukakasi ukashika kingo za ulimi na kuufunga mlango. Ulikuwa ni mvinyo ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa nilijua ni siku ipi mtu alisema basi.

Nilirudi kwa treni ya jioni, chupa mbili nimezifunga ndani ya kitenge. Baada ya mahandaki hewa iligeuka, ikawa nzito, yenye harufu ya udongo mbichi na majani. Nilishuka Kilosa na kulala kwa shangazi, ambaye bado anapika togwa kwa mtungi wa bibi, na asubuhi nikapanda gari la Mikumi.

Ijumaa ya wiki ile walikuja wageni, mume na mke kutoka Iringa, wanasherehekea miaka ishirini ya ndoa. Wakaagiza mwekundu wa Dodoma. Nilifungua chupa, nikamwekea bwana aonje, nikangoja hadi alipoafiki. Zamani ningejaza glasi hadi karibu na ukingo, nikidhani ndiyo ukarimu. Nikamimina hadi theluthi, nikakomea hapo, na bibie alipoinua glasi kuelekea puani nikasubiri kando, ikiwa atakuwa na swali.